Kiota cha Ndege na Ukingo wa Dari

 

Neno letu la leo limo katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, tangu mstari wa 6 hadi wa 8. Mwenye Biblia karibu na afungue. Hapo Musa anawapa watu sheria mbili. Ya kwanza yahusu ndege. Ukienda zako njiani ukakuta kiota, mtini au chini, na mama amelalia mayai au makinda, usimkamate mama pamoja na wanawe. Huna budi kumwacha aende zake. Ya pili yahusu nyumba. Ukijenga nyumba mpya, zungushia dari yake ukingo, ili mtu asije akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Ndugu zetu wa Lamu na Mombasa wanaijua dari ya namna hiyo, ile ya kukaa juu yake jioni kupunga upepo.

Wengi wetu tumezipita sheria hizi mbili mbiombio. Mtu hujiuliza, ndege na dari vina uhusiano gani? Na tena, ile sheria ya ndege imepewa ahadi ya kufanikiwa na kuishi siku nyingi, ahadi iliyo sawa na ile waliyopewa wanaowaheshimu baba na mama. Mungu ameweka ahadi kubwa namna hiyo juu ya kiota!

Basi, tulipata nafasi ya kupatembelea mahali ambapo sheria hizo mbili zimekaa jirani, juu ya mawe, katikati ya maji. Ni visiwa vya Farne, kaskazini-mashariki ya Uingereza, karibu na pwani ya Northumberland. Si visiwa vikubwa. Maji yakijaa utahesabu kama 15. Maji yakipwa miamba mingine huchomoza na hesabu yaongezeka. Na hapo ndipo penye hatari, wapendwa, kwa maana mwamba unaoonekana asubuhi na kufichwa na maji jioni ndio unaoua mabaharia. Mtu hupanda mashua katika bandari ndogo ya Seahouses, na baada ya muda si mrefu yuko kati ya ndege maelfu kwa maelfu.

Tuanze na kiota.

Mwaka 676 mtawa mmoja jina lake Cuthbert alikwenda kukaa peke yake katika kisiwa kiitwacho Inner Farne, apate kuomba. Habari zake ziliandikwa na Bede, yule mwanahistoria wa kanisa la kale la Uingereza. Bede atwambia kwamba Cuthbert alipanda shayiri yake mwenyewe, na ndege wakaja kuila. Hakuwarushia mawe. Aliwauliza kama wana haki ya kula kile ambacho hawakukipanda. Kama Mungu amewapa ruhusa, wale, na kama sivyo, waende zao. Nao wakaenda zao. Mapokeo ya watu wa pwani ile yaongeza kwamba Cuthbert aliweka amri ya kuwalinda bata wa baharini wanaoatamia kisiwani. Hata leo wenyeji humwita bata huyo bata wa Cuddy, na Cuddy ni jina la kumpendeza Cuthbert.

Tulimwona bata huyo. Jike lina rangi ya udongo, hata unaweza kumkanyaga usimwone. Hujinyonyoa manyoya laini ya kifua chake mwenyewe na kutandikia mayai. Kisha huyalalia kwa siku kama 25, na siku hizo zote karibu hali kitu. Tulisimama hatua chache tu kutoka kwake, naye hakuondoka. Hakutuamini sisi, maana hatujui; ila hakuwa tayari kuyaacha mayai yake.

Karibu naye kuna ndege wengine wadogo, weupe, wenye mdomo mwekundu na kofia nyeusi kichwani. Hao ni buabua wa Aktiki. Wageni huambiwa wavae kofia kabla ya kushuka mashuani, na tulielewa sababu upesi sana. Buabua hutaga mayai kando kando ya njia, na mtu akipita, mama humrukia na kumdonoa utosini. Ndege huyo uzito wake ni kama gramu 100 tu, naye ampiga mtu mzima mwenye koti na viatu vizito! Tuliinamisha vichwa tukapita kwa adabu, kama wageni wanaopita mlangoni pa mwenye nyumba.

Na ndege huyo si wa pale tu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle waliwafunga baadhi yao vyombo vidogo miguuni ili wajue wanakokwenda. Mmoja aliondoka Farne tarehe 25 Julai 2015. Akashuka pwani ya magharibi ya Afrika, akaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, akaingia Bahari ya Hindi, bahari hii hii inayopiga kuta za Fort Jesus, kisha akafika kwenye barafu ya Antaktika. Tarehe 4 Mei 2016 alikuwa amerudi Farne. Alikuwa amesafiri kilomita 96,000. Hebu fikiri, msikilizaji. Ndege huyo apita juu ya maji ya mataifa mengi, na hakuna taifa liwezalo kusema, huyu ni wetu. Hana serikali ya kumtetea. Maisha yake yategemea watu ambao hatawajua kamwe, wakubali tu kuacha kipande cha mchanga bila kukikanyaga.

Hawakukubali sikuzote. Katika karne ya 19 watu walipanda mashua wakapiga ndege wa baharini kwa bunduki kwa ajili ya mchezo, na manyoya yao yakauzwa ya kupambia kofia za mabibi. Walipiga hata wakati wa kuatamia, makinda yakafa kwa njaa miambani. Aliyesimama kupinga jambo hilo alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kianglikana, kasisi Henry Frederick Barnes-Lawrence wa mji wa Bridlington, kusini zaidi katika pwani hiyo hiyo ya mashariki. Mwaka 1868 alianzisha chama cha kuwalinda ndege wa baharini, na mwaka 1869 Bunge likatunga sheria ya kwanza ya Uingereza ya kuwalinda, ikikataza kuwaua tangu tarehe 1 Aprili hadi tarehe 1 Agosti. Tazama jinsi ilivyofanana na ile ya Musa: haikumkataza mtu kabisa kula ndege. Ilimwambia tu, usimguse mama akiwa juu ya wanawe.

Visiwa vyenyewe viko chini ya ulinzi wa shirika la National Trust tangu mwaka 1925. Mwaka 2022 yalitokea mafua makali ya ndege. Walinzi wa hifadhi waliokota mizoga zaidi ya 6,000 mwaka huo kwa mikono yao, wamevaa nguo za kujikinga. Wageni wakazuiwa wasishuke. Kisiwa cha Inner Farne hakikufunguliwa tena hata mwezi wa Machi 2024. Wenye mashua walipata hasara, na wageni waliotoka mbali walirudi bila kukanyaga kisiwa. Lakini ndugu zangu, kuna upendo wa kukaribia na kuna upendo wa kukaa mbali, na mwenye hekima hupambanua saa ya kila mmoja.

Sasa tuje kwenye ukingo wa dari.

Katika mwamba wa nje uitwao Longstone umesimama mnara wa taa, mwekundu, wenye mshipi mweupe kiunoni, kimo chake mita 26. Uliwashwa mara ya kwanza mwezi wa Februari 1826. Kabla yake taa ilikuwa katika kisiwa cha nyuma zaidi, na meli ziliendelea kuvunjika kwa sababu taa haikukaa mahali pa kufaa. Ikabidi isogezwe mbele, mpaka kwenye mwamba wa mwisho, kwenye hatari yenyewe. Longstone hakuna udongo. Huoni hata mti mmoja. Mtunza taa, William Darling, alihamia huko na mke wake na watoto wao, na bustani yao ya mboga ikabaki katika kile kisiwa cha kwanza, wakawa wanaiendea kwa mashua.

Tulipanda ngazi za mnara ule, tukaonyeshwa chumba kidogo alimolala binti yao, Grace. Dirisha lake laelekea baharini. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1838 palikuwa na dhoruba kali. Meli ya mvuke iitwayo Forfarshire ilikuwa ikitoka Hull kwenda Dundee, katika Uskoti. Boila zake, yaani ile mitungi mikubwa ya kuchemshia maji ya mvuke, zilikuwa zikivuja. Nahodha hakurudi. Aliendelea mbele. Kisha mitambo ikasimama kabisa katikati ya tufani, upepo ukaisukuma meli mpaka ikapasuka juu ya mwamba uitwao Big Harcar, kabla ya mapambazuko.

Tunaomba tusimame hapa kidogo, wapendwa. Taa ya Longstone ilikuwa ikiwaka usiku ule. Mtunza taa hakusinzia. Lakini taa haiwezi kuziba boila inayovuja. Kama mwenye chombo amekwisha kuyafanya maisha ya abiria kuwa kitu hafifu tangu bandarini, mwanga wote wa pwani hautamsaidia.

Grace aliona mabaki ya meli kutoka dirishani pake. Yapata saa 1 asubuhi ndipo yeye na baba yake walipotambua kwamba kuna watu wanaosogea juu ya mwamba. Kaka zake hawakuwapo nyumbani. Walikuwapo baba, mama, na binti mwenye umri wa miaka 22. Mashua yao ilihitaji wanaume zaidi ya hao. Nao waliamini kwamba kwa bahari ile hakuna mashua itakayothubutu kutoka ng'ambo. Basi baba na binti wakashika makasia, wakazunguka upande wenye kinga kidogo, mwendo wa karibu maili moja.

Walikuta watu tisa wazima. William akarukia mwambani, na Grace akabaki peke yake na makasia mawili, akiizuia mashua isipigwe ikavunjika. Safari ya kwanza waliwachukua watano. Mmoja wao alikuwa mama, Sarah Dawson. Usiku kucha alikuwa amewakumbatia watoto wake wawili juu ya mwamba ule, na wote wawili walikuwa wamefia mikononi mwake kwa baridi. Safari ya pili William alirudi na mabaharia waliookolewa, wakawaleta wanne waliobaki. Grace alikaa mnarani na mama yake kuwahudumia waliookoka.

Nchi nzima ilimsifu Grace Darling. Malkia Victoria alimpelekea paundi 50, wachoraji walivuka bahari kumchora, watu wakamwandikia wakitaka hata kishungi cha nywele zake. Yeye aliendelea kukaa mnarani na wazazi wake. Alifariki kwa kifua kikuu tarehe 20 Oktoba 1842, akiwa na umri wa miaka 26, akazikwa kijijini Bamburgh, katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Aidan.

Lakini wengine hawakuimbwa. Ng'ambo, Seahouses, watu saba walikuwa wamethubutu, nao mmoja wao alikuwa kaka yake Grace mwenyewe. Walipiga makasia katika bahari ile ile, mbali zaidi. Walipofika mwambani waliwakuta wafu tu, kwa kuwa wazima walikwisha kuokolewa. Hawakuweza kurudi kwa sababu ya mawimbi, ikawabidi kujihifadhi Longstone siku kadhaa, wakibanana na waliookolewa. Hawakuokoa hata mtu mmoja. Je, walifanya kazi bure? Mbele ya magazeti, pengine. Mbele za Mungu, sivyo. Yeye hakuwaagiza wafanikiwe, aliwaagiza waende.

Sasa, msikilizaji, labda umeanza kuona kwa nini Musa aliweka kiota na dari pamoja. Mama wa ndege hawezi kukulipa. Mpita njia aliyepanda darini pako, wala hukumjua, hawezi kukulipa kwa kutoanguka, maana hatajua kamwe kwamba angeanguka. Sheria zote mbili zatutaka tumtunze yule asiye na nguvu mbele yetu, saa ambayo hakuna anayetuona. Na moyo ni mmoja. Anayeweza kumkamata mama juu ya makinda yake kwa kuwa hana wa kumtetea, kesho atajenga dari bila ukingo, kwa kuwa watakaoanguka si watoto wake.

Tena kuna jambo la ajabu katika ile habari ya mwaka 1869. Waliotetea ndege walisema hivi: wakati wa ukungu, taa isipoonekana, mabaharia huzisikia kelele za ndege miambani, wakajua nchi kavu iko karibu, wakageuza chombo. Basi waliokuwa wakiwaua ndege kwa mchezo walikuwa wakizima taa za Mungu bila kujua. Kumbe kiota chenyewe kilikuwa ukingo!

Je, sisi katika Kenya, neno hili latuambia nini? Hatuna haja ya kwenda Farne. Visiwa vidogo vya Kiunga, kaskazini ya Lamu, vina buabua wao wanaotaga mayai mchangani. Mtu akishuka na ndoo moja tu anaweza kukusanya kizazi kizima kwa asubuhi moja. Aliye mvuvi na atusikie kwa upole: bahari inayokulisha yakuomba uvipishe viota msimu huo.

Na dari zetu je? Kuna shimo la mawe lililochimbwa kandokando ya kijiji, mawe yakauzwa, mwenye shamba akatia fedha mfukoni, shimo likaachwa wazi. Mvua ikanyesha, likajaa maji, na watoto waenda kuogelea likizoni. Kuna kisima kisicho na kifuniko. Kuna shimo la choo lililochimbwa hata nusu, fedha zikaisha, likafunikwa kwa majani ya migomba. Na kuna matatu ambayo breki zake zajulikana ni mbovu, mwenye gari ajua, dereva ajua, na bado asubuhi aambiwa, nenda tu, utafika. Hiyo ndiyo Forfarshire, ndugu. Boila yavuja tangu bandarini. Sarah Dawson na watoto wake wamekaa kiti cha nyuma, nao wamelipa nauli.

Musa hakusema juu ya mtu wa namna hiyo kwamba ni bahati mbaya. Alisema damu iko juu ya nyumba. Tusiende kwenye mazishi tukasema ni mapenzi ya Mungu, ikiwa Mungu alikwisha kusema wazi mapenzi yake, kwamba ukingo ujengwe. Mzee wa kanisa mwenye shimo wazi, alifunike kabla ya Jumapili. Chama cha akina mama na kiulize juu ya kile kisima. Vijana wa kanisa wana mikono. Nusu siku ya Jumamosi yatosha kuzungushia ua wa miti.

Tangu mwezi wa Septemba 1990 hakuna mtunza taa anayekaa Longstone. Taa yajiwasha yenyewe na kulindwa kwa mitambo kutoka mji wa Harwich, mbali sana kusini, nayo yamulika kila baada ya sekunde 20 bila kukosa. Jambo jema. Lakini hakuna mtambo wa kushika makasia kwa upendo. Kazi hiyo Mungu amewaachia watu.

Na Cuthbert je, aliishaje? Alifariki kisiwani mwake tarehe 20 Machi 687. Bede asimulia kwamba mtawa mmoja aliwasha mishumaa miwili, akaishika mmoja kila mkono, akapanda mahali palipoinuka, ili ndugu waliokesha Lindisfarne ng'ambo ya maji waone na kujua kwamba mtumishi wa Mungu amekwenda kwa Bwana wake. Zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mnara wa Longstone, hiyo ndiyo taa iliyowaka Farne: mtu mmoja gizani, ameinua mikono, ili walio mbali wasikae bila habari.

Bwana wetu Yesu Kristo alisema kwamba shomoro mmoja haanguki bila Baba kujua. Naye mwenyewe, alipoulilia Yerusalemu, alijifananisha na kuku atakaye kuwakusanya vifaranga vyake chini ya mabawa. Ndiye aliyekuja mpaka mwamba wa mwisho, kwenye hatari yenyewe, kwa ajili yetu tusioweza kumlipa. Aliyekusanywa chini ya mabawa yale hawezi tena kumpita mwenziwe aliye ukingoni.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyewaumba ndege wa angani na samaki wa baharini, twakushukuru kwa kuwa humsahau hata mmoja. Utusamehe kwa mashimo tuliyoyaacha wazi na kwa maisha tuliyoyafanya kuwa kitu hafifu. Uwalinde wote walio safarini leo, majini, angani na barabarani. Uwafariji mama waliopoteza watoto wao. Utupe macho ya kuona mapema, na mikono iliyo tayari kushika makasia, hata kama hatutasifiwa na mtu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.